Hodi ya Bi Jaha

Sidi Nyale wa Kakuyuni alikuwa na mgeni mmoja tu aliyemngoja kwa moyo wake wote, na mgeni huyo alikuja kila Alhamisi.

Alikuwa Bi Jaha, mshona mikeka wa mtaa wa Shela, Malindi mjini. Wazee wake walitoka Kizingitini, visiwa vya kaskazini, na ingawa alikuwa amekaa Malindi tangu alipoolewa, ulimi wake haukuwahi kuhama. Macho kwake yalikuwa mato, na njia ilikuwa ndia. Sidi alikuwa mkulima mjane, mwenye shamba la mihogo na mahindi na minazi michache, na mikono iliyojua kusuka ukili tangu utotoni. Alisuka, Bi Jaha akanunua, akaenda kuushona mikeka ya kulalia na misala ya kuswalia.

Biashara yenyewe ilimalizika kabla chai haijachemka. Baada ya hapo ndipo ziara ilipoanza. Walikaa barazani wakasema yote: waume zao waliokwisha kufa, wakwe waliowatesa, binti wa jirani aliyeposwa na kukataa, dawa ya mgongo. Adhuhuri ikifika, Sidi aliteremsha msala uliotundikwa ukutani, msala ambao hakuna mtu mwingine aliyeukalia, akamjazia Bi Jaha maji ya kutawadha, kisha akawafukuza kuku wasipige kelele. Yeye mwenyewe aliimba kwaya kanisani kila Jumapili. Lakini dakika zile ambazo Bi Jaha alikuwa akiswali barazani kwake, nyumba ilimtulia kuliko wakati mwingine wowote wa wiki.

Kisha wezi wakaja wakachukua mbuzi wake wote.

Mwanawe wa pekee, Mangi, aliyefanya kazi katika ghala moja Mombasa, alirudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Alikuwa amepewa na Kavata, mama mmoja aliyewapikia chakula pale kazini.

"Mama, huyu atakulindia nyumba," alisema. "Muite Sajini."

Mangi akarudi Mombasa. Sajini akakua, akawa mbwa mwekundu mwenye miguu mirefu na kifua kipana, lakini hakulinda kitu. Mwizi angekuja angelambwa uso mpaka akaona haya. Mbwa yule alilelewa na mtu mmoja tu katika boma lililokuwa mbali na barabara kuu, na kwake kila binadamu mwingine aliyetokea alikuwa sherehe. Alimrukia, akamwekea miguu mabegani, akazunguka, akarudi, akajikojolea kwa furaha.

Mara ya kwanza alipomrukia Bi Jaha, alimwachia ute kwenye buibui kuanzia kifuani hadi magotini. Bi Jaha alicheka, lakini aliomba maji, na Sidi alijua sababu. Mate ya mbwa hayaoshwi kwa kumwagiwa maji tu. Nguo huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Siku ile Bi Jaha aliazima kanga mbili za Sidi, akaswali nazo, akarudi mjini buibui lake likiwa ndani ya mfuko.

Sidi aliona aibu mpaka usiku hakula. Alhamisi iliyofuata alimfunga Sajini kwa mnyororo tangu alfajiri. Mbwa akalia mchana kutwa, na Bi Jaha alipopiga hodi, akavuta mpaka kigingi kikang'oka. Safari ile mgeni aliangukia kwenye mlima wa makumbi ya nazi.

Lakini siku iliyoharibu mambo ni ile aliyoanguka vibaya. Bi Jaha alikuwa amekwisha kuingia uani, anatembea polepole, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Sajini alitokea nyuma ya jiko mbio. Bi Jaha hakunyanyua hata mkono wa kujikinga. Alipigwa kifuani akaenda chini, na kiganja kikapinda chini yake.

Sidi alishika mwiko wa ugali akampiga mbwa, akampiga tena.

"Usimpige," Bi Jaha alisema akiwa bado chini, uso umekunjana kwa maumivu. "Ana furaha tu. Wacha, Sidi. Usimpige."

Aliondoka kwa pikipiki bila kunywa chai. Alhamisi iliyofuata hakuja.

Badala yake alikuja Abdulhakim, mtoto wa dada yake, mwanamume mwenye familia yake, dereva wa tuktuk. Alisimama barabarani akapiga honi. Sidi alibeba ukili mpaka kule, akalipwa, akapewa mfuko wa kaimati.

"Shikamoo. Mama mdogo anakusalimu sana," Abdulhakim alisema.

"Marahaba. Mkono wake waendeleaje?"

"Umepoa, alhamdulillahi."

"Basi kwa nini haji?"

Abdulhakim alitazama usukani. "Ana shughuli," alisema.

Alhamisi zikafuatana hivyo. Honi, ukili, salamu. Sidi alipopiga simu, Bi Jaha alijibu kwa upole lakini kwa ufupi, kama anayezungumza mbele za watu. Sidi akawa anachemsha chai ya kutosha watu wawili kwa mazoea, kisha anaimwaga nyingine kwenye mche wa mpapai. Kuna maneno aliyoyaweka wiki nzima ili amwambie Bi Jaha, na wiki ilipokwisha yalikuwa yamechacha ndani yake. Msala ulibaki ukutani. Alikuwa akiupangusa vumbi.

Jirani yake Randu, ndugu wa marehemu mumewe, alimpa shauri alilotegemea. "Muuze. Au mtupe huko Vitengeni, asiijue njia ya kurudi."

Sidi alimtazama mbwa aliyelala miguuni pake, kidevu juu ya kidole chake cha gumba. Tangu Mangi aondoke, na tangu Bi Jaha akome kuja, huyu ndiye aliyemsikia akisema.

"Siwezi," alijibu.

Mwezi ule ikatangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa katika uwanja wa shule ya msingi. Sidi alifika akiburutwa, kamba imemkata mkono, kanga imeshuka kiunoni. Sajini alipoona umati wa watu na mbwa wenzake alikuwa kama maji ya mvua yaliyopata mtaro. Daktari wa mifugo, dada mmoja aitwaye Whitney, hakumkemea. Alimgeuzia mgongo. Mbwa akamrukia mgongoni. Whitney akabaki vilevile, amekunja mikono, anatazama minazi. Sajini akaruka tena, kisha akachoka kuruka, akasimama kwa miguu yote minne, akashangaa. Hapo Whitney akageuka, akamgusa shingo taratibu, akamdunga sindano bila vita.

"Umemfanya nini?" Sidi aliuliza.

"Nimemnyima anachokitaka mpaka atulie. Mama, wewe akikurukia hufanya nini?"

"Nampigia kelele. Namsukuma. Siku nyingine nampiga."

"Basi kila akiruka anapata sauti yako na mikono yako. Kwake huo ni mchezo. Mnyororo nao unamjaza hamu, ukikatika anapasuka." Whitney alikwisha kumshika mbwa mwingine, lakini aliendelea kusema. "Mpe mahali pake, hata gunia tu. Mfundishe kwamba pale ndipo mazuri yanapomfuata. Na kabla mgeni hajaja, mtembeze mpaka achoke. Lakini wewe mwenyewe uwe umetulia. Ukibabaika, naye atababaika."

Sidi alirudi nyumbani akatandika gunia chini ya dirisha la baraza. Kila Sajini alipolikanyaga, alimpa kipande cha dagaa. Akalala juu yake, akapewa kingine. Akiondoka, hakuitwa wala hakugombezwa. Dagaa tu ndio waliokoma. Haikuchukua muda mbwa akalipenda gunia lile kama mtoto anavyopenda mgongo wa mamake. Asubuhi Sidi alimtembeza kupitia mashambani, mbali kuliko alivyowahi kutembea kwa miguu miaka ya karibuni, na wote wawili walirudi ndimi nje.

Tatizo lilikuwa mgeni. Mbwa alitulia vizuri pasipo mtu, lakini hapakuwa na mtu wa kufanyia mazoezi. Alimwomba Randu. Randu alikubali, akaja, akapiga hodi, na Sajini aliponyanyuka tu kutoka kwenye gunia, mzee akapiga ukemi uliowaamsha popo, akakimbilia kwenye mwembe.

"Shemeji, ugeuze mgongo!" Sidi alimwambia.

"Nimgeuzie mbwa mgongo? Ili anile nikiwa sioni?"

Kwa hiyo Sidi akaamua kuwa mgeni yeye mwenyewe. Alitoka nje ya ua, akafunga lango la makuti, akasubiri, akaingia. Mbwa hakudanganyika, alimjua kwa hatua zake, akatikisa mkia palepale alipo. Sidi alitoka tena. Safari hii alijifunika kanga nyeusi kichwani mpaka kwenye magoti. Akakaza koo. Akaita kama alivyoita Bi Jaha, kwa ile sauti ya puani iliyopanda mwishoni:

"Hodi wenyewe! Nimekuya!"

Ndani ya ua kukasikika kishindo. Sajini alitoka kwenye gunia kama jiwe la manati, akaligonga lango kwa kifua, analia, anakwaruza, anaingiza pua kwenye matundu ya makuti. Alikuwa anaijua sauti ile. Alikuwa ameingoja naye.

Sidi alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, amejifunika kanga. Alitaka sana mtu amjibu "Karibu." Alitaka yeye ndiye awe ndani na mwingine awe hapa. Mpita njia mwenye baiskeli alimsalimu kwa mashaka, Sidi akaitikia bila kugeuka.

Baiskeli ilipopita, aligeuzia lango mgongo akakaa kimya mpaka mbwa naye akanyamaza. Ndipo akaita tena. Kishindo kile kile. Akangoja tena. Wiki kadhaa alifanya hivyo, asubuhi na jioni, na kila alipoita "Nimekuya" kitu ndani yake kilimuuma upya, kama mtu anayejigonga palepale penye kidonda. Sajini alianza kufika nusu ya ua kisha akasita. Halafu akawa ananyanyuka tu. Halafu, asubuhi moja yenye manyunyu, Sidi aliingia amejifunika, akamkuta mbwa amekaa juu ya gunia, anatetemeka mwili mzima, mate yanamdondoka, lakini amekaa.

Sidi alikaa chini karibu naye akamkumbatia.

Kesho yake alivaa gauni la kanisani akaenda Malindi. Mlango wa Bi Jaha ulifunguliwa na mkwewe, Widad, ambaye alimkaribisha kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili aliye ndani asikie.

Bi Jaha alikuwa ameketi juu ya mkeka, ukili mapajani, sindano mkononi. Hakuitazama sindano. Alipapasa ukingo kwa kidole, akachoma, akavuta. Mshono ulikwenda upande kama njia ya konokono. Bi Jaha, ambaye mikeka yake watu waliifuata kutoka Watamu kwa unyoofu wake.

"Ni Sidi?" aliuliza, uso umeelekea mlangoni lakini si mahali Sidi aliposimama.

Sidi aliyafahamu yote kwa mara moja: kile kichwa kilichoinama uani, ule mkono ambao haukunyanyuka.

"Bi Jaha. Macho yako."

"Ah, mato haya." Aliweka sindano chini, akahakikisha ameiweka penyewe. "Ni sukari. Madaktari wameniambia nuru iliyosalia wataichunga. Iliyokwenda imekwenda. Nakuona kama mtu aliye nyuma ya chandarua."

"Nami nikadhani ni mbwa! Nimekaa miezi hii yote nikidhani umenikasirikia kwa ajili ya mbwa!"

"Mbwa nilikwisha kumzoea. Siku ile sikumuona, Sidi. Nilihisi tu kitu kimenipiga." Bi Jaha aliupapasa ukili mapajani. "Pale chini nikajua kwamba kuja kwako peke yangu kumekwisha."

"Kwa nini hukunambia? Ningekufuata mimi."

"Ungelia. Nami nisingeuona uso wako ukilia. Bora ukumbuke nilivyokuwa nikija mwenyewe, kwa miguu yangu."

Sidi alilia palepale. Widad aliondoka taratibu akaenda jikoni, vyombo vikasikika vikigongana bila sababu.

"Kuna jingine," Bi Jaha alisema baadaye. "Ndugu yangu wa Kizingitini anataka nirudi kwetu. Njia za kule nazijua kwa miguu tangu utoto, sitapotea. Nitakwenda baada ya Idi."

Mwezi wa mfungo ulikuwa karibu kuandama. Sidi alifuta uso.

"Kabla ya mfungo uje kwangu," alisema. "Mara moja. Mbwa hatakugusa."

"Utamfunga?"

"Simfungi. Amejifunza."

Bi Jaha alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile. "Amejifunza kwa nani?"

"Kwako," Sidi alisema.

Alikuja Alhamisi. Tangu asubuhi Sidi alikuwa amemtembeza Sajini mpaka bondeni na kurudi, amepika mihogo ya nazi na samaki, ameteremsha msala akauanika juani. Tuktuk ya Abdulhakim iliposikika, mbwa alinyanyua masikio. Injini ikazimika. Zikasikika hatua za watu wawili, za mmoja nzito na za mwingine za kusitasita.

"Hodi wenyewe! Nimekuya!"

Sajini alisimama. Mkia ulipiga ukuta. Mlio mwembamba ulimtoka kooni, akainua mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani, nje ya gunia.

Kila kitu ndani ya Sidi kilitaka kukimbilia lango. Alijua kwamba akikimbia, mbwa naye atakimbia. Basi akashusha pumzi. Akasema, "Karibu, Bi Jaha," kwa sauti ya kawaida, kama inavyosemwa kwa mtu aliyekuja jana na juzi. Akatembea. Ua ule haukuwahi kuwa mrefu vile. Nyuma yake alisikia gunia likikwaruza, mbwa akikaa, akisimama, akikaa. Hakugeuka. Alifika, akaupokea mkono wa Bi Jaha kutoka kwa Abdulhakim, akaushika mkono ule mkavu wenye sugu za sindano, na kwa mwendo ule ule wa polepole akamleta barazani.

"Yuko wapi?" Bi Jaha aliuliza alipokwisha kukaa.

"Pale chini ya dirisha. Kwenye gunia lake."

"Afanyani?"

"Anakutazama."

"Basi na anitazame. Mmoja wetu aone."

Walicheka mpaka Abdulhakim, aliyekuwa amekaa kwenye tuktuk yake, akachungulia. Kisha wakasema yale maneno yaliyowekwa, machache yaliyokuwa bado na ladha, na mengine mapya. Walikula kutoka sahani moja. Sidi alichambua miiba ya samaki akamwekea mwenzake upande wake. Adhuhuri Bi Jaha alitawadha, Sidi akamwelekeza kibla kwa kumshika mabega, akarudi nyuma, akawatazama kuku kwa jicho kali. Mbwa aliguna mara moja katikati ya swala, akalaza kidevu.

Ilipofika saa ya kuondoka, Bi Jaha alitaka kupita karibu na dirisha. Alisimama mbali kidogo na gunia, ameikusanya nguo yake mkononi.

"Sajini," alisema. "Kaa salama, baba. Umchunge."

Mbwa aliutikisa mkia kwa unyonge, lakini hakunyanyuka.

Baada ya Idi Bi Jaha alikwenda kwao. Sidi alirudi kwenye shamba lake. Jambo asilolitegemea likatokea: watu walianza kumtembelea. Randu alikuja, kwanza akiwa ameshika fimbo, baadaye bila fimbo, akakaa barazani akaulizia chai. Wanakwaya wenzake walikuja Jumamosi. Waliwahi kuogopa kulambwa, sasa waliingia na kusifu mbwa mwenye adabu. Sidi alifurahi nao. Aliwapikia, akawasindikiza. Walipokwisha kwenda, alijikuta bado anasikiliza upande wa lango.

Ukili sasa anaununua fundi mwingine, kijana wa Dabaso, asiyekunywa chai. Jioni za Alhamisi Sidi hukaa barazani akapiga simu Kizingitini. Mtandao kule husuasua, na mara nyingi husikia upepo kabla ya kusikia mtu.

"Utakuya lini?" Bi Jaha huuliza.

"Nikishavuna mahindi." Sidi hajapanda chombo chochote cha baharini maisha yake yote. "Randu amesema atamlisha Sajini. Ila sijui nipite wapi."

"Nimekwambia."

"Nimesahau. Hebu niambie tena."

Hajasahau. Anaijua njia yote kwa moyo. Anafumba macho, anaegemea ukuta, na Bi Jaha anaanza upya, bila haraka, kwa ulimi wake wa kwao: utashuka basi Mokowe, utavuka mpaka Amu, mwiitayo Lamu, utauliza mashua ya Kizingitini, nao watakwambia ungoje maji yajae, basi ungoje, usione tabu, na ukifika utapanda ngazi, ushike mkono wa kulia, uulize nyumba ya ndugu yangu Aboud, wote waijua.

"Mkono wa kulia," Sidi anasema.

"Wa kulia. Halafu uite hodi."